Sarafu ya Kilwa na yale mabati

Mtoto alinifungulia kiganja. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeshuka Kilwa Kisiwani, boti iliyotuleta kutoka Masoko bado inayumba nyuma yangu, mimi natafuta pa kukaa nivae viatu. "Kaka, pesa ya kale," akasema. Kiganjani palikuwa na kitu cha kijani, chembamba, kidogo kuliko sarafu yetu ya shilingi 50. Nilidhani ni kifungo cha shati kilicholiwa na chumvi.

Kijana aliyekuwa ananitembeza akamkatiza kwa upole. Alimwambia asiuze, kisha akanigeukia na kuniambia nami nisinunue. Vitu hivi vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kila kimoja kinachoondoka kisiwani mfukoni mwa mgeni ni ukurasa wa historia uliochanwa. Sikununua. Lakini nilimwomba mtoto anishikishe kidogo. Upande mmoja kulikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyofutika nusu. Nikageuza. Maandishi tena. Hakuna kichwa cha mtu, hakuna mnyama, hakuna namba.

"Hapa ni jina la sultani," kijana akasema. "Ukigeuza, sentensi inaendelea."

Ndugu zangu, maneno hayo nimetembea nayo miezi mingi. Leo nataka kuyatua, na ili niyatue itabidi nikiri jambo moja ambalo nimekuwa nikilikwepa.

Tuanze na sarafu.

Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, kwa karne kadhaa kabla Wareno hawajauteka mji mwaka 1505. Mwaka 1936 John Walker, mtaalamu wa sarafu, alichapisha makala akizipanga kufuata majina ya wafalme, na tangu hapo wataalamu wengine wameendelea kuzichambua na kubishana juu ya tarehe zake. Ubishi una sababu: sarafu zile hazikuandikwa mwaka. Wala hazikuandikwa thamani. Kilichoandikwa ni jina la mtawala na tamko lake kwa Mungu, basi.

Chukua sarafu ya Ali bin al-Hasan. Upande mmoja una jina lake. Upande wa pili unasema kwamba anamtegemea Mola mwenye neema. Na kwa Kiarabu pande hizo mbili zina vina: jina linaishia na "Hasan", tamko linaishia na "minan". Yaani ni shairi la mistari miwili lililopigwa juu ya shaba, mstari mmoja huku na mwingine kule. Sisi watu wa mashairi tunajua kazi ya kina. Kinakusaidia kukumbuka. Mvuvi asiyejua kusoma angeweza kusomewa mara moja tu sokoni, akalibeba kichwani mpaka nyumbani.

Kwa nini sultani ahangaike hivyo? Katika dola za Kiislamu za zama zile, mtawala alikuwa na alama mbili kubwa za kuonyesha kwamba nchi ni yake: jina lake kutajwa katika hotuba ya Ijumaa, na jina lake kuwekwa kwenye sarafu. Hotuba ilimfikia aliyekuja msikitini. Sarafu ilimfikia hata ambaye hakuja. Ilikwenda kwa muuza samaki, kwa mfuma nguo, kwa baharia. Lilikuwa gazeti la serikali, isipokuwa hili hakuna aliyelifungia vitumbua, maana lenyewe ndilo la kununulia vitumbua.

Na zilisafiri kwelikweli. Sarafu ya Kilwa yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, bara kabisa, upande ule ilikotoka dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Nyingine tano ziliokotwa mbali zaidi. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Australia aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba kutoka Kilwa. Zilifikaje huko? Wataalamu wanakisia tu. Lakini jina la mtu wa pwani yetu lilikuwa limelala kwenye mchanga wa Australia, likiendelea kusema anamtegemea Mola mwenye neema.

Mchezo huu, bila shaka, haukuanzia Kilwa. Wafalme wa Aksum, Ethiopia ya leo, waliufanya mapema zaidi. Katika karne ya 4 mfalme Ezana alipoingia Ukristo, sarafu zake zilibadilika: alama ya mwezi mwandamo ikaondoka, msalaba ukaingia. Watu walipata habari ya dini mpya ya mfalme kwenye chenji. Aksum pia walitoa sarafu za shaba zenye maneno ya Kigiriki yanayoomba jambo hili liipendeze nchi. Nilipokutana na maneno hayo mara ya kwanza nilicheka. Mfalme mwenye jeshi na dhahabu, anaomba kupendwa kupitia sarafu ya mtu wa chini.

Roma nako, Julius Caesar alikuwa Mroma wa kwanza kuona uso wake akiwa hai ukipigwa kwenye sarafu za mji wake. Hiyo ilikuwa mwaka 44 kabla ya Kristo. Mwezi Machi mwaka huohuo akauawa kwa visu. Brutus, mmoja wa waliomuua kwa madai kwamba anajifanya mfalme, naye baadaye akatoa sarafu. Upande mmoja visu viwili. Upande mwingine uso wa nani? Wa Brutus mwenyewe. Utamu wa kujiona kwenye fedha haujali unaamini siasa gani.

Pale Kilwa masultani hawakuweka uso. Lakini usidhani ni unyenyekevu mtupu. Kuna sarafu nyingi za Kilwa zisizo na jina la mtu, zina cheo tu: Nasir al-Dunya, mwenye kuinusuru dunia. Dunia nzima! Na mpaka leo wanahistoria hawajakubaliana huyo bwana aliyeinusuru dunia alikuwa nani hasa. Cheo kimebaki, mwenyewe hayupo.

Sasa nifike kwa huyu al-Hasan bin Sulaiman, maana ndiye aliyenipata.

Huyu ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya gema nje kidogo ya mji wa kale. Nilikwenda kwa miguu, jua linawaka. Ni magofu ya matumbawe na chokaa, vyumba zaidi ya 100, na bwawa la kuogea lenye pembe nane linalotazama bahari. Neville Chittick, aliyechimba pale miaka ya 1960, alipata jiwe la maandishi lenye jina la sultani huyu na cheo chake: al-Malik al-Mansur, mfalme aliyepewa ushindi. Kuna hata sarafu zake za dhahabu. Helen Brown aliandika juu ya tatu za Kilwa mwaka 1991. Huyu hakuwa mtu wa kujificha.

Na alikuwa na bahati nyingine ambayo kila mkubwa anaitamani. Mwaka 1331 alipata mwandishi wa habari. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa akapokewa vizuri, na baadaye akasimulia aliyoyaona. Anasema sultani aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Kisha anatoa kisa.

Siku moja ya Ijumaa sultani anatoka msikitini kwenda nyumbani. Fakiri mmoja kutoka Yemen anamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa, tena pale pale. Sultani anarudi, anaingia nyumba ya khatibu, anavua, anavaa nyingine, anamwita fakiri anamkabidhi. Watu wanashangaa na kumsifu sana. Mwanawe anazichukua zile nguo kwa fakiri na kumfidia watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyosifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa kizuri, sivyo? Mara ya kwanza nilikisoma hivyohivyo, nikatabasamu. Mara ya pili nikakumbuka kugeuza.

Nani waliolipa sifa ile? Watu ishirini. Watu ishirini walikabidhiwa kwa mgeni kama bakhshishi. Majina yao hayamo kwa Ibn Battuta, hayamo kwenye jiwe la Husuni, hayamo kwenye shaba. Na mali ya kutoa ilitoka wapi? Jibu liko kwa Ibn Battuta huyohuyo, mistari michache tu mbali na sifa. Anaeleza kwamba sultani alikuwa akivamia mara kwa mara nchi ya Wazanji, anateka mali, na sehemu ya tano ya ngawira anaitenga kwa matumizi ya kidini. Masharifu walikuwa wanatoka Iraki na Hijazi kuja kuchukua fungu lao. Mkono uliokuwa unatoa mjini ndio uliokuwa unapokonya nje ya mji. Mwandishi aliyaona yote mawili. Lakini lile la ukarimu alilipa kisa kizima, na lile la uvamizi akalipitia kwa haraka, tena kama jambo la sifa.

Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye ukuta wa Husuni Kubwa. Kijana wangu akadhani nimechoka, akanipa maji.

Sasa niseme langu.

Miezi michache kabla ya Kilwa nilitumwa kuandika ziara ya kiongozi mmoja mikoani. Simtaji, wala gazeti silitaji. Tulikwenda kwa msafara, magari mengi, vumbi jingi. Kijiji kimoja kilikuwa kinajenga zahanati. Chini ya turubai palikuwa na mabati yamepangwa vizuri na mifuko ya saruji imepandana. Ngoma zikapigwa, akina mama wakaimba. Mheshimiwa akashika bati moja na mwenyekiti wa kijiji akashika upande wa pili, wote wakatutazama. Mpiga picha wetu akapiga. Jioni tukagawiwa bahasha. Nikaipokea. Niliilipia kodi ya chumba.

Habari ikatoka ukurasa wa mbele. Kichwa kilisema mheshimiwa amemwaga neema. Angalieni neno lenyewe, neema. Sultani wa Kilwa angalau aliandika kwamba mwenye neema ni Mola.

Siku ya tatu simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Shikamoo mzee," nilisema baada ya kusikia sauti.

"Marahaba, mwanangu. Namba yako nimeitoa kwenye kitabu cha wageni. Wewe ndiye uliyeandika ile habari ya mabati?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Umeandika vizuri. Picha nayo imetoka vizuri. Ila yale mabati tulinunua sisi."

Nikanyamaza.

"Tulichanga kila kaya," akaendelea, bila hasira kabisa, kama mtu anayekurekebishia jina la mtoto wake. "Yalikuwa stoo ya shule. Asubuhi ile tuliambiwa tuyatoe tuyapange pale. Saruji ni ya mheshimiwa, hilo ni kweli na tunamshukuru. Lakini mabati ni yetu. Nimeona nikwambie tu ili ujue."

Nilimshukuru. Nikaenda kwa mhariri wangu nikamweleza. Akacheka kidogo, akaniuliza kama saruji ilikuwa ya kweli. Nikasema ndiyo. Akasema basi habari ni ya kweli, na kwamba wanakijiji kuchanga si habari, wanachanga kila siku. Nikarudi kwenye meza yangu. Ningeweza kubisha zaidi. Sikubisha. Bahasha ilikuwa imeshaliwa, na mimi nilikuwa mgeni kazini.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani nilipokaa Husuni Kubwa. Kwa miaka nilidhani Ibn Battuta ni mtu wa vitabuni. Siku ile nilimwona kama mwenzangu wa msafara, naye kakaa karamuni na daftari lake, anaandika jinsi baba wa vipawa alivyovua kanzu.

Najua utaniambia: lakini wewe si mfua sarafu, wewe ni mwandishi tu. Hapana. Sarafu inafanya kazi kwa sababu inapita mikononi bila kuulizwa. Hata habari yangu ilipita hivyo. Iliyomo kwenye picha ikawa ndiyo iliyotokea.

Na watu wa Kilwa na bara lake wanajua zaidi yetu uzito wa sura iliyo kwenye fedha. Wajerumani walipotawala walileta rupia yenye uso wa Kaisari Wilhelm wa Pili, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Mwaka 1898 wakaweka kodi ya nyumba. Mkulima wa milima ya Matumbi hakuhitaji kumjua Kaisari, lakini sasa ilibidi aitafute fedha yenye uso wake, amrudishie mwenyewe. Mwaka 1905 huko Matumbi, nyuma ya pwani ya Kilwa, Maji Maji ikaanza. Kodi haikuwa sababu peke yake, kulikuwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, viboko, mengi. Lakini uso ule ulikuwa katikati yake. Na hata mwisho ulipokaribia, mwaka 1916, wakiwa wanasukumwa na majeshi ya Uingereza na Ubelgiji, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu katika karakana ya reli pale Tabora: tai upande mmoja, tembo na mlima upande wa pili. Nchi inawatoka mikononi, wao bado wanaandika kwenye dhahabu kwamba ni yao.

Tulipopata fedha yetu mwaka 1966, sarafu zilikuwa na Mwalimu Nyerere upande mmoja, na upande wa pili samaki, mbuni, sungura na mwenge. Baadaye uso wa Rais Mwinyi nao ukaonekana. Leo shilingi 100 ina Mwalimu, shilingi 200 ina Mzee Karume. Wenzetu Kenya waliamua vingine. Wamepata sarafu zenye Kenyatta, Moi, hata ya shilingi 40 yenye Kibaki mwaka 2003, mpaka Katiba yao ya mwaka 2010 ikapiga marufuku sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Mwishoni mwa 2018 wakatoa sarafu mpya zenye wanyama. Mwaka 2019 noti mpya zikaja na jengo la KICC pamoja na sanamu ya Mzee Kenyatta iliyo mbele yake, watu wakaenda mahakamani kuuliza kama sanamu si sura. Mahakama haikukubaliana nao. Mimi sina ugomvi na sura ya Mwalimu. Ninachosema ni kwamba Wakenya wale walifanya jambo moja la maana: waliitazama fedha yao kabla ya kuitumia.

Niliporudi kutoka Kilwa nilisubiri siku ya mapumziko, nikapanda basi kwa nauli yangu kwenda kile kijiji. Mzee alinipokea chini ya mwembe. Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Kurasa saba za majina. Mbele ya kila jina kiasi, na saini au dole gumba. Mama mmoja hakuwa na fedha, ameandikiwa kuku wawili. Mwingine ameandikiwa siku sita za kusomba maji. Mzee alinisomea moja baada ya jingine, taratibu, na kila jina alinionyesha kwa kidole nyumba ya mwenyewe ilipo. Tulimaliza jua likiwa limeshaanza kushuka. Zahanati ilikuwa imeezekwa. Bati zilikuwa zinang'aa nyuma yake.

Niliandika. Safari hii nilibisha na mhariri wangu, si kwa ushujaa mkubwa, nilisimama tu mezani kwake mpaka akachoka. Habari ilitoka ukurasa wa ndani, chini, imekatwa ikabaki aya tano. Haina picha. Majina mengi yaliondolewa kwa sababu ya nafasi. Kuku wawili walibaki.

Jioni nikampigia mzee. Nilianza kuomba radhi kwamba ni fupi, kwamba haiko mbele, kwamba majina hayakutoka yote. Akaniacha nimalize.

"Nimeiona, mwanangu," akasema. "Nimeikata na mkasi. Nimeibandika ndani ya lile daftari."